Pedali, Mwiko na Picha ya Kaseti

Jumapili, 4 Agosti 1996

Leo nimedhulumiwa kanisani, mbele ya Mungu na mbele ya akina mama wa safu ya pili. Mwalimu Nangila, anayeongoza kwaya yetu hapa mtaa wa Jericho, ametangaza kuwa tarehe kumi na nne tunakwenda mjini, River Road, kurekodi kaseti. Vigelegele! Tena tutapigwa picha ya kuwekwa kwenye jalada. Nikaanza kuwaza suti. Ndipo akaongeza kuwa chumba cha kurekodia ni kidogo, kwa hiyo mpiga ngoma atakwenda mmoja tu na wapiga kayamba watabaki.

Macho yote yakamgeukia Griffins Shitanda. Griffins amepiga ngoma ya kanisa miaka sita. Mimi nimepiga kayamba miaka tisa, nikisimama nyuma yake. Kisogo chake nakijua kuliko ninavyoujua uso wa mke wangu, ambaye huimba kwaya hiyo hiyo.

Nikainuka. Nikasema hata mimi ni mpiga ngoma, ila sijapewa ngoma. Nikasema katika nyumba ya Bwana nafasi hushindaniwa, hairithiwi. Mtu akacheka nyuma. Mwalimu Nangila akashusha miwani, akasema sawa, Jumapili ijayo kila mmoja wetu apige wimbo mmoja na kanisa liamue. Griffins akaja kunipa mkono na kunitakia heri. Mnafiki!

Lazima niwe kwenye picha ile. Nimefanya kazi katika kiwanda cha sabuni miaka kumi na minne na msimamizi bado ananiita Petro. Mimi ni Patrobas. Patrobas Mulongo! Kaseti ikitoka itapangwa kwenye meza pale soko la nyama la Burma, na mtu anayesubiri mbavu zake za kuchoma ziive ataniona, atauliza huyu ni nani. Nalitaka jambo hili kuliko ninavyotaka chakula.

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Silaha imepatikana. Tena kwa Mursal mwenye duka, jirani yangu wa ukuta mmoja. Miaka miwili mizani yake ya sukari imekaa juu ya kitu kirefu kilichofunikwa gunia. Leo nimefunua gunia. Ngoma! Inanifika kiunoni, ina miguu mitatu ya chuma, nyekundu inayometameta kama gauni la bibi harusi wa pili. Mursal akasema ilitoka katika hoteli moja ya mjini iliyofunga ukumbi wake wa dansi, na kwamba wenyewe waliiita ngoma ya kokteli. Kisha akatoa sanduku la karatasi lenye pedali yake, ya kukanyaga kwa mguu.

Kwa mguu! Griffins anapiga kwa mikono miwili tu. Mimi nitakuwa na mikono miwili na mguu. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza.

Mursal alitaka redio yetu, nikampa. Tatizo ni Nekesa, mke wangu. Nekesa husikiliza matangazo ya vifo kila jioni, hakosi. Nikamwambia redio iko kwa fundi. Akauliza ina ugonjwa gani. Nikasema kifua.

Ngoma nayo? Aliizunguka mara moja, akaenda kabatini, akaleta kitambaa cha kufuma, akakitandaza juu yake, kisha akaweka chombo cha maua. Katika nyumba za Jericho kitu kisichotembea huvishwa kitambaa.

Jumanne, 6 Agosti 1996

Nimeomba ruhusa kiwandani ya kumzika mjomba wangu. Msimamizi akasema alisikiliza matangazo ya vifo jana na hakumsikia mjomba huyo. Nikamwambia marehemu hakupenda makuu. Akasema tena kuwa, kwa kumbukumbu yake, mjomba huyu alikufa pia mwaka juzi na mwaka jana. Nikainamisha kichwa kwa huzuni. Amenipa siku saba za kazi.

Nikarudi nyumbani, nikaanza kazi ya ngoma. Pedali ni ubao wa chuma, na mbele yake kuna mkono unaoruka ukikanyaga. Kwenye ncha ya mkono huo ndipo hukaa kirungu kinachopiga ngozi. Kirungu hakikuwepo. Panya wa Mursal walikuwa wamekula sufu yote, kikabaki kijiti cha chuma. Nikasema si neno, kwanza tuone pa kuifunga.

Nikaiweka pedali mbele ya ngoma, nikakanyaga. Toko! Kama mdai anagonga mlango. Chuma kilikuwa kinapiga ubavu, na ubavu ni mbao. Nikatafakari. Nikakumbuka bendi niliyoiona harusini, ngoma yao ya mguu ilikuwa imelala. Basi nikailaza yangu, nikaketi juu ya ndoo, nikakanyaga kwa nguvu za kiume.

Ngoma ikaondoka. Ikabingirika mlangoni, ikashuka ngazi mbili, ikaelekea bombani ambako nusu ya mtaa ilikuwa kwenye foleni ya maji. Vijana wa kona wakapiga mbinja na kuniuliza kama mzee wao, "Niaje budaa, pipa lako limetoroka?" Na ni nani aliyekuwa kwenye foleni na jerikeni lake? Griffins Shitanda. Akaizuia kwa mguu mmoja bila hata kuweka jerikeni chini. Akairudisha hadi kwangu, akaitazama pedali, akasema miguu ile mitatu haikuwekwa kwa urembo. Nikamwambia nilikuwa najaribu magurudumu.

Jumatano, 7 Agosti 1996

Falis, mke wa Mursal, amebisha hodi kuuliza redio yangu hufunguliwa wapi betri zikiisha. Bahati Nekesa alikuwa sokoni kwenye mboga zake. Nikamwonyesha Falis haraka haraka ili aondoke, lakini aliona pedali sebuleni, akaketi.

Kumbe zamani alikuwa akipeleka sambusa katika hoteli ile ile! Akasema mpiga ngoma wao alikuwa akisimama wima, kama mtu anayepiga pasi. Mikono inapiga ngozi ya juu, na mguu unakanyaga pedali iliyo chini ya ngoma, nayo inapiga kutoka chini kwenda juu. Nikamwambia hayo yote nilikuwa nayajua. Akasema, "Haya, ndugu yangu," akaondoka.

Nikalala chali sakafuni, nikachungulia. Ngozi ya pili! Chini kabisa, safi, haijaguswa. Na kando ya ukingo kuna kishikio cha kufungia pedali. Siku nzima ya jana nimekuwa nikimpiga mnyama mbavuni na kumbe tumbo liko wazi.

Nikaifunga. Ikakataa. Miguu ya ngoma ilikuwa mifupi, mkono wa pedali ukabanwa, haukuwa na mahali pa kupata mwendo. Nikainua kila mguu juu ya tofali. Sasa mkono unaruka vizuri, ila hauna kichwa. Nikaanza kutafuta kirungu. Nikachomeka kiazi. Kilipiga mara tatu kikapasuka. Nikachomeka gunzi la mahindi, likatoa vumbi kuliko sauti. Nikafunga kipande cha kandambili, nikapata mlio wa mtu kupigwa kofi, na hatuwezi kumsifu Mungu kwa makofi ya namna hiyo.

Nahitaji mbao. Iwe pana, nzito, laini, iliyozoea kazi ngumu. Nimeketi hapa nikiwaza, na macho yangu yameenda yenyewe jikoni, ukutani, kwenye msumari wa tatu.

Alhamisi, 8 Agosti 1996

Nimeuchukua mwiko.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa nasoma mimi tu. Huu si mwiko wa dukani. Nekesa alipewa na mama yake, Mama Nabwire, siku aliyosindikizwa kuja kwangu miaka kumi na miwili iliyopita. Umesonga ugali wa vizazi viwili. Una alama ya kuungua ubavuni, umbo la mwezi mwandamo. Na kwetu mwanamume hagusi mwiko wa mkewe, hilo nalijua tangu nikiwa mtoto. Lakini nimelifikiria kwa kina. Mwiko ni mwiko ukiwa jikoni. Ukiwa chini ya ngoma ni spea.

Nikaukata mpini kwa msumeno, ukabaki shubiri moja. Kichwa nikakizungushia sufu niliyoifumua kwenye mkono wa sweta yangu mwenyewe, maana mimi pia najitolea. Nikaufunga kwenye chuma kwa kamba ya katani. Springi ya pedali ilikuwa imekatika, nikaweka ukanda wa tyubu ya baiskeli.

Jioni Nekesa akautafuta mwiko. Nikasema majirani huazima vitu siku hizi bila hata kusema. Akasonga ugali kwa upawa. Ulikuwa na madonge ya ukubwa wa goroli. Nikala wote nikausifu. Hapo nilikosea, kwa sababu sijawahi kuusifu ugali wake hata siku moja, na alinitazama mpaka nikamaliza maji ya kunywa.

Tulipokuwa tunamaliza, Griffins akaja. Nikatoka nje nikafunga mlango nyuma yangu. Alikuwa na vitu viwili mkononi. Cha kwanza skrubu fupi na washa yake, kile kipete chembamba cha chuma. Alisema, "Budaa, siku ile niliona pedali yako haina skrubu. Hii ndiyo yake, nimeitoa soko la Gikomba." Akanishauri nisifunge kirungu kwa kamba. Niache nafasi ya vidole vitatu kati ya kirungu na ngozi, na springi nisiikaze kupita kiasi, la sivyo itatupa vitu. Cha pili ilikuwa barua ya Nekesa. Griffins ni wa kijiji kimoja na wakwe zangu, na barua za kule huletwa kwake na watu wa basi.

Nimshukuru? Ni nani duniani anayempa mpinzani wake skrubu? Ningeifunga, nayo ingekatika katikati ya wimbo. Nikasubiri aondoke, nikaitupa dirishani. Barua nimeitia mfukoni. Inaonekana wazi ni mbinu. Itakuwa na habari ya ng'ombe aliyekufa au shamba linalogombaniwa, Nekesa avurugike, nami nivurugike siku tatu kabla ya shindano. Nitampa Jumapili baada ya ushindi.

Ijumaa, 9 Agosti 1996

Inalia!

Nimesimama nyuma yake kama Falis alivyosema. Nimekanyaga. Duu! Sauti imetoka chini, imepita miguuni, imefika tumboni. Vikombe vimetetemeka kabatini. Nimekanyaga tena, nikaongeza mikono juu. Duu, taka-taka, duu! Machozi yakanitoka. Sioni haya kuyaandika. Miaka tisa nimetikisa kayamba, na leo kwa mara ya kwanza nimesikia kitu kikubwa kikitoka kwangu.

Nekesa akarudi sokoni akanikuta nikipiga. Akasimama mlangoni na kikapu chake kichwani. Nikadhani atagomba. Akaanza kutikisa mabega polepole, kikapu kimetulia palepale, kama alivyokuwa akifanya zamani tulipokuwa wachumba. Akasema, "Baba Nafula, hiyo ni tamu." Binti yetu Nafula yuko kwa mama yangu likizo hii, nikatamani angekuwepo aone wazazi wake.

Nilifurahi sana. Kisha Nekesa akauliza kirungu kile nimekitengeneza kwa kitu gani. Nikasema kwa mti. Sikudanganya.

Jumamosi, 10 Agosti 1996

Siku ya marekebisho ya mwisho. Mambo mawili.

Kwanza, mguu mmoja wa ngoma unacheza, matofali hayalingani. Nikatafuta kitu chembamba cha kusawazisha. Kadibodi ilikuwa nene mno, gazeti likawa laini mno. Nikapapasa mfukoni, nikaikuta barua ya Nekesa. Nikaikunja mara nne, nikaiweka juu ya tofali chini ya mguu. Ikakaa sawasawa! Utadhani iliandikwa kwa kazi hiyo.

Pili, nguvu. Griffins alisema vidole vitatu. Basi nimeacha kimoja. Alisema springi isikazwe. Nimeukaza ule ukanda wa tyubu mizunguko miwili zaidi, halafu nikasikia vizuri, nikaongeza mingine miwili. Sasa inapiga kama mlango wa benki ukifungwa. Mursal akaja kusikiliza, maana chupa zake za soda zilikuwa zinagongana rafuni upande wa pili wa ukuta. Akatikisa kichwa, akasema ngoma ikivuma sana hupasuka. Nikamwambia hizo ni ngoma za kawaida, hii ni ya hoteli.

Nekesa amekuwa na wasiwasi tangu mchana. Anasema moyo unamwambia kuna habari kutoka nyumbani, na angekuwa na redio angalau angejua hakuna aliyekufa. Ameniomba niende kwa fundi nikaiombe hata kama haijapona. Nimesema Jumatatu. Hakupika ugali. Tumekunywa chai na mkate, yeye akitazama ule msumari wa tatu.

Jumapili, 11 Agosti 1996

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia mwanzo.

Nilifika kanisani saa moja asubuhi na mkokoteni. Kila tofali nilikuwa nimeliandika namba, na barua nikairudisha mahali pake. Kanisa likajaa. Griffins akapiga kwanza, na ile ngoma yake ya siku zote, bila madoido. Watu wakayumba kidogo. Wakasema amina. Kawaida kabisa.

Nikasimama. Kwenye kiti cha mbele, kando ya Lorine, mke wa Griffins, aliketi mama mmoja mwenye kilemba na bakora. Nilidhani ni mgeni wao. Sikumtazama zaidi, nilikuwa natazama mbele, kwenye picha.

Ubeti wa kwanza ukaenda. Kanisa likasimama! Ubeti wa pili akina mama wakatoka viti vyao, na Mwalimu Nangila akavua miwani akatabasamu. Kutabasamu kwa Mwalimu Nangila huonekana mara moja kwa mwaka, tena Krismasi. Nikamwona Griffins akipiga makofi. Nikajiona mezani pale Burma, kaseti juu ya kaseti, mimi juu ya mimi. Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu.

Lakini kulikuwa na ubeti wa tatu. Nikasema moyoni, Patrobas, wape yote. Nikainua mguu mpaka goti likagusa ukingo, nikakanyaga.

Kamba ya katani ilikatika. Mwiko ukachomoka chini ya ngoma, ukapita katikati ya tofali namba moja na tofali namba mbili, ukadunda sakafuni mara moja, ukamgonga goti yule mama mwenye bakora, ukamtulia mapajani. Ngoma ikainama upande, ikawaangukia wapiga kayamba.

Yule mama akauchukua. Akaifumua sufu ya sweta yangu taratibu, kama mtu anayemenya ndizi. Akaugeuza. Akaiona ile alama ya mwezi mwandamo. Akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani kwamba mwiko huu ni wake, alimpa binti yake, na ni nani aliyeukata. Ndipo akainua uso, nami ndipo nikamtambua.

Mama Nabwire. Mama mkwe!

Kanisa zima la watu waliotoka magharibi mwa nchi likavuta pumzi kwa pamoja. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja huchepuka na kupita vichakani. Kwa miaka kumi na miwili sijamkaribia mama huyu hatua tano. Leo nimempiga. Kwa mwiko! Kwa mwiko wake mwenyewe, uliokatwa mpini, mbele ya madhabahu.

Griffins akakimbia kuinua ngoma. Akaokota barua pale sakafuni, imekunjwa mara nne, haijafunguliwa, ina alama ya mguu wa chuma. Akasoma jina, akamkabidhi Nekesa. Nekesa akaisoma akiwa amesimama. Mama yake alikuwa ameandika kwamba anakuja Jumamosi kwa basi la mchana, apokelewe. Hakupokelewa. Alisimama Machakos Airport, kituo cha mabasi, saa mbili nzima na kuku kwapani, mpaka Lorine aliyekwenda kuchukua mzigo wake akamwona na kumpeleka kwao, naye kwa hasira akakataa tuambiwe. Kwangu asingeweza kulala kwa vyovyote, mila hairuhusu. Lakini angepokelewa.

Nekesa akaikunja barua. Hakulia wala hakupiga kelele. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na redio?" Nikasema kifua. Akaenda kuketi na mama yake.

Jumatatu, 12 Agosti 1996

Wazee wameketi kwa Griffins. Mimi nimekaa nje, kwenye tofali namba tatu. Hukumu: kondoo mmoja na blanketi kwa Mama Nabwire, na mwiko mpya ambao sitaugusa, ataubeba mtu mwingine. Mzee mmoja aliuliza kama aliyempiga mama mkwe ndiye pia aliyemzika mjomba. Kumbe binamu yake yuko kiwandani kwetu. Msimamizi ametuma salamu kwamba mjomba nimzike vizuri, maana mara ya nne hatakubali.

Mursal ameirudisha redio bila kuombwa. Falis alimwambia hawezi kulala na redio ya mwanamke anayengoja habari za kwao. Ngoma imerudi kuwa yake, naye ameiazimisha kwaya. Nekesa aliiweka redio kabatini, akaivisha kitambaa chake. Nimeona aibu. Naliandika neno hilo hapa mara moja na silirudii.

Jioni Griffins alikuja kuifunga pedali. Dakika kumi! Skrubu aliiokota chini ya dirisha langu, akaipuliza vumbi, hakuuliza ilifikaje pale. Akaweka washa. Kirungu amekichonga mwenyewe kwa mbao, akakivisha kitambaa. Akalegeza tyubu. Akapima kwa vidole vitatu. Ikalia laini, nene, bila kutetemesha vikombe. Mwalimu Nangila amesema ngoma itakwenda River Road, na Griffins ataipiga. Nami nimepewa kazi. Nitaibeba.

Jumatano, 14 Agosti 1996

Nimeibeba. Ghorofa tatu, ngazi nyembamba, matofali matatu mifukoni mwa koti. Wao wakaingia kurekodi, mimi nikaachwa kwenye korido na watu wa kwaya nyingine waliokuwa wakisubiri zamu yao. Nikaisikia ngoma yangu kupitia mlango. Duu. Duu. Nikamwambia mmoja wao hiyo pedali niliifunga mimi. Akauliza kama ndimi yule wa mwiko. Habari zimefika River Road kabla yangu!

Lakini Patrobas Mulongo hafi mara moja. Picha ilipigwa uani. Mpiga picha alipowapanga, nikatangaza kwamba sakafu ile haiko sawa, ngoma itaanguka, lazima mtu aishike mguu. Hakuna aliyetaka kuinama na nguo nzuri. Nikainama mimi! Nikachutama nyuma ya ngoma, nikaushika mguu mmoja, nikanyoosha shingo. Mpiga picha akaniambia nirudishe shingo. Baadaye nikamwuliza kama nimeingia. Akasema mkono wa kushoto umeingia, kuanzia kifundo. Mkono! Na nilikuwa nimevaa saa. Atakayenijua atanijua kwa saa.

Mama Nabwire alikuwepo, amekuja kuona binti yake akiimba. Tulikaa ncha mbili za ua, kila mmoja akitazama ukuta wake kama inavyotakiwa. Alimtuma Nekesa aniambie kwamba goti limepona, kwamba amenisamehe, na kwamba hadi ubeti wa pili alikuwa anaona fahari kuwa na mkwe kama mimi. Nekesa alinipa ujumbe huo na kunifuta vumbi begani. Nikaapa moyoni sitawahi tena kugusa kitu cha mama huyu.

Wakaenda kunywa soda, mimi nikabaki kuifungua ngoma. Bakora yake alikuwa ameiegemeza ukutani, kando yangu kabisa. Sikuigusa. Niliitazama tu. Chini kabisa, kwenye ncha, ina kifuniko cha mpira mweusi. Mviringo. Mzito. Mgumu lakini unabonyea kidogo. Nikakipima kwa macho na kile kirungu cha mbao cha Griffins, ambacho kwa kweli kina sauti ya kizee. Kinaingia! Kinaingia pale pale, hata skrubu haibadilishwi. Na Krismasi kuna mashindano ya kwaya za mitaa yetu ya Eastlands, na washindi hupigwa picha kubwa, safu ya mbele, hadi miguu.

Mama anarudi nyumbani kesho jioni. Nimemwambia Nekesa kwamba nimeitazama bakora ya mama, kwamba sijaipenda hali yake, na kwamba ingefaa niipeleke kwa fundi asubuhi na mapema.

Ameniuliza ina ugonjwa gani.

Nimesema kifua.